Vipepeo Weupe Waliotua Matopeni

Nakumbuka siku moja nilitumwa kuangalia vipepeo, mimi nikaenda kuangalia lori. Hiyo ndiyo habari yenyewe, mwanangu, na kama ungekuwa mtu wa kuelewa upesi ningeishia hapa, nikaendelea kuchambua mbaazi zangu. Lakini nawajua nyinyi. Itabidi niieleze yote toka mwanzo, na katikati utaniuliza swali ambalo nimekwisha kulijibu.

Juzi mvua ya kwanza imenyesha, kidogo tu, ya kulaza vumbi. Leo asubuhi mjukuu wangu mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zake, akaingia uani na simu mkononi. "Bibi, vipepeo wametoka! Tupande?"

Nikamwuliza, vipepeo gani?

"Weupe."

Weupe wa namna gani?

"Weupe tu, Bibi. Si vipepeo?"

Wamekaa wapi? Akanitazama kama nimemwuliza kipepeo ameoa kwa nani. Alikuwa amewapiga picha, picha nzuri, lakini hakuwa amewaangalia. Nilikasirika mpaka chai yangu ikapoa. Ujinga peke yake haunikasirishi, mjinga anafundishwa. Nilikasirika kwa sababu jibu lile lile nililitoa mimi, pale Marambo, nikiwa na miaka kama kumi na miwili, na nawajua watu waliolala na njaa kwa ajili yake.

Basi kaa, na hiyo simu iweke chini.

Kilikuwa kile kipindi Wazungu walipokuja Nachingwea kulima karanga. Walikuwa wanaangusha msitu kwa makatapila, mawili yanakwenda sambamba yakiburuta mnyororo mmoja katikati, na miti inalala kama majani yaliyopitiwa na tembo. Watu walikuja toka kila upande kutafuta kibarua. Barabara iliyokuwa ya waenda kwa miguu ikawa ya malori, na sisi watoto tukawa hatuna akili nyingine ila malori.

Mimi nilizaliwa upande wa Ruangwa. Nililetwa Marambo kwa bibi yangu mzaa mama, Binti Ismaili, kwa sababu moja tu: macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga, aliona kwamba mtu amesimama mlangoni, lakini tundu la sindano hakuliona, wala chawa, wala kipepeo. Akampelekea mama yangu ujumbe, "Nipe mtoto mmoja mwenye macho." Mama akanitoa mimi. Nadhani alipima macho tu, vitu vingine hakuvipima.

Bibi yangu ndiye aliyekuwa akiulizwa siku ya kupanda mtama. Hakuwa mganga, hilo lielewe kabisa, maana vijana mkisikia bibi na wadudu mnaanza kunong'ona. Alikuwa mwanamke aliyeangalia vitu kwa miaka mingi bila kuharakisha. Huku kwetu mvua ya kwanza ni tapeli. Inanyesha siku mbili, tatu, udongo unanukia vizuri, watu wanatoa mbegu, halafu jua linarudi wiki tatu na kuchoma kila kilichochipua. Kwa hiyo Bibi alingoja, na alichokingoja ni kipepeo mmoja maalumu.

Alinifundisha kuwatambua wote, siyo huyo mmoja tu, na namna yake ya kufundisha ilikuwa ya kuudhi. Nikimwambia, "Bibi, nimeona wa njano," ananikatiza: "Rangi usiniambie kwanza. Rangi hata mpita njia anaiona. Niambie amekaa wapi. Niambie amekaaje, amefunga mabawa au ameyatandaza. Niambie anafanya nini hapo. Rangi iwe ya mwisho." Nilikuwa nikimwona ananitesa bure. Sasa nawaambia nyinyi maneno yale yale, nanyi mnaniona nawatesa bure.

Chukua huyu mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, anayekuja kwenye mndimu. Hata akinyonya ua hatulii, mabawa yanatetemeka muda wote kama mtu aliyebanwa na mkojo. Ukiona mtetemo ule umemjua, madoa hata usiyahesabu. Mtoto wake ni yule kiwavi anayefanana na mavi ya ndege juu ya jani la mndimu. Ukimgusa anatoa vipembe viwili na harufu mbaya. Nanyi mnampiga dawa, halafu mwakani mnaniuliza wale vipepeo wazuri wameenda wapi.

Yuko wa rangi ya chungu kipya kilichotoka motoni, ncha za mabawa nyeusi na madoadoa meupe juu yake. Anaruka polepole, hana haraka na mtu, kwa sababu mwili wake ni mchungu na ndege wanajua, hawamgusi. Sasa yupo mwingine, jike la aina nyingine kabisa, amejivika nguo ile ile ili naye ndege wamwache. Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Bibi aliniambia tazama bawa la nyuma: yule mchungu halisi ana vidoa vyeusi vitatu au vinne pale katikati. Mwigaji ana kimoja tu, juu ukingoni. Na mume wa huyo mwigaji wala hafanani naye, ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe ya mviringo. Ukiwaona pamoja utadhani ni wageni waliokutana njiani wakasalimiana.

Wapo wadogo wekundu, wazito wa kuruka, mabawa yao ya mbele yamechakaa kama kanga ya miaka mitano, unaona kidole chako kupitia bawa. Wapo wa njano wadogo wanaokwenda chinichini kwenye nyasi, hawapandi juu ya magoti yako. Yuko mnene mwenye mikia miwili, mwenye nguvu kama jiwe la kombeo, ambaye maua hana habari nayo. Yeye anataka mabibo yaliyooza chini ya mkorosho. Akishashiba unamshika kwa vidole, amelewa, kama wanaume fulani na uraka wao, pombe ya mabibo hayo hayo. Majina sitaji, wenyewe wanajijua.

Sasa weupe. Sikiliza hapa vizuri, tafadhali, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Weupe wako wa namna mbili wanaotoka na mvua ya kwanza, na kwa mbali wote ni weupe. Wa kwanza ukimwona amefunga mabawa, chini yake amechorwa mishipa myeusi, kama mtu amepitisha kidole chenye masizi. Huyu hana subira. Tone likidondoka katoka, na penye unyevu wowote, hata pale ulipomwaga maji ya kuoshea vyombo, anakaa na wenzake hamsini wananyonya tope. Huyu hakuambii lolote kuhusu mvua ijayo. Anakuambia tu kwamba hapo pana tope, jambo ambalo na miguu yako ingekuambia.

Wa pili ni mkubwa kidogo, mweupe wa maziwa, na jike lake linaingia unjano. Hana masizi. Anaruka kwa nguvu na kwa kwenda juu, na akitua anafunga mabawa pale pale, huwezi kumkuta ameyatandaza. Huyu jike lake linataga kwenye mkundekunde, kile kichaka chenye maua ya njano na maganda marefu, na halitagi ila jani likiwa changa na laini, maana mtoto wake hawezi kutafuna jani kavu. Bibi alisema mkundekunde haukunjui majani yake kwa mvua ya kulaza vumbi, unangoja maji yashuke mpaka mizizini. Kwa hiyo jike lile likitaga, ujue maji yameshuka ardhini kiasi cha kutosha. Ukipanda, mtama utasubiri hata jua likirudi siku kumi.

Kwa hiyo swali la Bibi kila mwaka lilikuwa neno moja: "Wametua?" Maana yake, yule mweupe wa maziwa ametua kwenye mkundekunde na kutaga? Nyumbani kwetu halikuhitaji maelezo zaidi. Na hilo neno moja ndilo nililolitumia kumdanganya.

Mwaka huo mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, nzuri, ya kuloanisha jembe. Asubuhi ya siku ya tatu Bibi akaniambia, "Esha, nenda kwenye mikundekunde. Kaa mpaka jua liwe kichwani. Uangalie vizuri, mama, mwaka huu tuna wageni wanaotutegemea."

Mgeni mwenyewe aliyemsema alikuwa Mama Veronika, jirani yetu. Alikuwa amevuka mto Ruvuma toka Msumbiji mwaka uliotangulia pamoja na mumewe na watoto watatu. Mume akapata kazi ya kung'oa visiki kule kwenye karanga, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Yeye akapewa kipande cha kulima mpakani kwetu, akakifyeka peke yake. Alikuwa na mbegu ya mtama mwekundu mfupi aliyoileta toka kwao, na aliihifadhi kwenye kilindo cha gome la mti, kimefunikwa na kuzibwa kwa udongo. Mtama ule hapa kwetu haukuwapo. Kila mtu alitaka kuuona ukiota. Mama Veronika hakuijua mvua ya huku, naye alikuwa mwerevu wa kutosha kulisema hilo. Alikuja kwa Bibi akakaa chini kwenye mkeka akasema, "Mama, mimi sipandi mpaka wewe upande."

Mikundekunde ilikuwa upande wa mlima, mwendo wa kama nusu saa, unavuka kijito. Sijafika kijitoni nikakutana na Asumini, binti wa rika langu, amejifunga kanga kiunoni, anakimbia upande mwingine.

"Wapi wewe?"

"Natumwa na Bibi, kuangalia vipepeo."

Alicheka mpaka akaegemea mti. "Wenzako wanakwenda barabarani kuona lori lenye tumbo, wewe unakwenda kuhesabu wadudu! Watakulipa shanga hao vipepeo?"

"Lori lenye tumbo?"

"Tumbo la chuma, refu kama nyumba. Limebeba maji ya kunywesha makatapila. Limekwama, watu wote wako huko. Likiondoka hutaliona tena, na vipepeo wako watakuwapo kesho."

Mwanangu, sikujivuta hata kidogo. Ningependa kukuambia nilisita, lakini sikusita. Nilikimbia mbele ya Asumini.

Na lori lilikuwapo, na tumbo lilikuwapo, na lilikuwa linavuja. Maji yalichuruzika kwenye barabara yakatengeneza dimbwi jekundu lenye ukubwa wa uwanja wa nyumba. Madereva walikuwa wanachimba chini ya magurudumu na kutukana kwa Kiswahili cha pwani ambacho tulikariri chote. Na kwenye tope lile, pembeni, walikuwapo vipepeo weupe. Wengi mno, wamepangana kama unga uliomwagika. Asumini akarusha kijiwe, wakainuka wote, wakazunguka, wakarudi chini.

"Haya basi," akasema, "vipepeo wako hao. Mwambie bibi yako wametua."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, nikaanza kufikiri kwamba si uongo. Weupe walikuwapo. Walikuwa wametua. Sikuinama kuangalia masizi chini ya mabawa, kwa sababu nilijua nikiinama nitayaona. Hapo ndipo kosa langu lilipo, siyo kwenye lori. Mtoto kukimbilia lori ni jambo la kawaida, hata ningekuwa mtoto leo ningelikimbilia. Lakini nilijua pa kuangalia, nikaona heri nisiangalie.

Nilirudi nyumbani jua likiwa limepita kichwani kidogo, wakati ule ule ambao ningekuwa narudi toka kwenye mikundekunde. Nilikuwa mwangalifu sana kwa hilo. Bibi alikuwa ameketi barazani anapepeta, na Mama Veronika amekaa karibu naye na mtoto mdogo mapajani.

"Wametua?" Bibi akauliza.

"Wametua, Bibi."

"Wengi?"

"Wengi sana."

Bibi akageuza uso wake kwangu, akangoja kidogo. Najua sasa kwamba alikuwa anangoja niseme mengine, wamekaaje, wanafanya nini, kama alivyonifundisha. Mimi nikasema, "Bibi, nina kiu," nikaingia ndani. Naye hakuniuliza tena. Alikuwa ameamua kuniamini, na mtu mzima akishaamua hivyo anaona aibu kukupekua.

Mama Veronika alisimama palepale. Nilimsikia nje anasema, "Mungu akulipe, Mama," na mwendo wake ulikuwa wa haraka, wa mtu aliyefurahi.

Tulipanda siku mbili. Bibi alikuwa na desturi ya kupanda nusu ya mbegu na kuacha nusu ndani, hata akiwa na uhakika wa mvua. Mama Veronika alipanda yote. Nani angemwambia asipande yote? Sisi ndio tuliokuwa tunajua, na mimi ndiye niliyekuwa macho yetu.

Mtama ulichipua siku ya tano, kijani kizuri. Halafu jua likatoka.

Sitaki kukueleza jua lile siku kwa siku. Juma la kwanza watu walisema litapita. La pili wakaacha kusema. Miche ilijikunja kama karatasi iliyowekwa karibu na moto, ikawa ya kahawia, ikawa vumbi. Nilipopita shambani kwa Mama Veronika niliangalia upande mwingine. Yeye alikuwa anachota maji kijitoni na kunywesha mstari mmoja mmoja kwa kibuyu, shamba zima, mtoto mgongoni. Alifanya hivyo siku nne, mpaka kijito nacho kikabaki mchanga.

Siku moja asubuhi Bibi akasema, "Nishike mkono unipeleke kwenye mikundekunde."

Nikasema jua kali, Bibi. Nikasema njia ina miiba. Nikasema mguu unaniuma. Aliniacha nikamaliza visingizio vyote, kisha akaunyoosha mkono wake tena.

Tulipofika, alinyoosha vidole vyake kwenye tawi la kwanza, akalipapasa toka shina mpaka ncha. Akaenda la pili, la tatu. Vichipukizi vilikuwa bado vimejifunga, vigumu, kama ngumi ya mtoto mchanga. Hapakuwa na jani changa hata moja. Hapakuwa na yai, wala tundu la kiwavi, wala kinyesi chake. Mtu asiyeona alikuwa anasoma kila kitu, nami mwenye macho nimesimama nyuma yake nakuna mguu.

"Hapa hajatua mtu," akasema. "Wametua wapi, Esha?"

Nikalia.

"Nimekuuliza. Machozi hayatanijibu."

"Matopeni, Bibi. Barabarani. Chini ya lori la maji."

Aliliachia tawi polepole. Nilitamani anipige, maana kipigo kina mwisho. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, "Mimi sioni kwa sababu ya ugonjwa. Wewe umekataa kuona, na afya yako unayo. Sasa twende kwa Mama Veronika. Utasema mwenyewe, mimi sikusemei."

Tulimkuta ameketi mlangoni, kilindo chake tupu kimelala ubavu karibu na mguu. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitika. Nikasema yale niliyokwisha kumsimulia Bibi njiani. Sikuyasema vizuri, niliruka hapa na pale, na kila niliporuka Bibi alinirudisha: "Umesahau lori. Umesahau kwamba hukuinama."

Mama Veronika hakupiga kelele. Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuokoteza, na alichagua maneno taratibu. "Nilitembea siku tisa. Mtoto mgongoni, mbegu kichwani. Nilipochoka nilishusha mtoto, atembee. Mbegu sikushusha." Akakiokota kilindo, akakitazama ndani kama labda imebaki punje. "Huu ulikuwa mtama wa mama yangu. Mama yangu amekufa. Nikirudi kule sasa, nitamkuta nani anipe mwingine?"

Nilisema, "Nisamehe, Mama."

"Mimi nakusamehe," akasema. "Lakini mtama hautarudi kwa sababu nimekusamehe. Wewe jua hivyo."

Nimezeeka, mwanangu, na bado naona hayo ndiyo maneno sahihi kuliko yote niliyowahi kuambiwa kuhusu msamaha. Siku hizi mtu anakanyaga kazi yako ya mwaka mzima, anakutumia "samahani" fupi kama chafya, halafu anashangaa mbona umenuna.

Bibi alimpa Mama Veronika ile nusu ya mbegu tuliyokuwa tumeiacha ndani. Yote. Mvua ya kweli iliporudi, shamba la Mama Veronika lilipandwa mtama wetu mweupe, na shamba letu likapandwa muhogo na mbaazi, basi. Mwaka ule ugali wa mtama niliuonjea kwa watu. Mimi nilipewa kazi ya kuchimba ming'oko porini, ile mizizi myembamba inayokimbia chini ya mawe. Unachimba shimo la kukuzika mpaka kiunoni upate kitu cha kujaza kikombe. Kila siku mbili, mpaka mikono ikaota sugu. Asumini alinipita mara moja akiwa na wenzake akaniita "mke wa ngiri". Nikaendelea kuchimba. Ngiri mwenyewe anachimba vizuri kuliko mimi.

Mama Veronika alivuna. Alivuna vizuri tu, watoto wake hawakufa njaa, ingawa kabla ya mavuno yalikuwapo majuma ambayo walikuja kula mihogo kwetu na bado haikututosha sote. Lakini alipokuwa anapura, na watu wakimsifu, alikuwa anajibu, "Huu wa Binti Ismaili. Wangu ulikufa." Hakuwa anasema kwa ubaya. Aliulizwa, akajibu. Aliendelea kusema hivyo kila mwaka kwa miaka mingi, na mimi nikiwapo.

Sasa utaniuliza kama Bibi alituma mtoto mwingine mwaka uliofuata. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Nilidhani nitarudishwa Ruangwa na fungu langu la nguo. Mvua ya kwanza ikanyesha, Bibi akaniita, akasema, "Esha, nenda kwenye mikundekunde." Basi. Hakuongeza onyo, hakuniapisha. Nilisimama pale nikingoja maneno mengine mpaka akasema, "Unangoja nini, wakuletee kiti?"

Nilikwenda siku sita. Siku ya kwanza nilirudi nikamwambia, "Bibi, wako wenye masizi tu, wako kwenye mchanga wa kijito, wananyonya." Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilimwambia, "Leo sikufika, kijito kimejaa." Akaitika tu, "Haya," kama mtu aliyepewa habari nzuri. Ya nne na ya tano niliona weupe wa maziwa wanapita juu, kwa haraka, hawasimami. Siku ya sita nilikaa chini ya kichaka mpaka mgongo ukaniuma, na jike moja lenye unjano likaja, likazungukazunguka, likagusa jani kwa miguu, likaliacha, likagusa lingine changa zaidi, likakunja tumbo lake likaacha yai. Jembamba, limesimama wima, kama punje ya mchele wa mtoto wa panya. Likaenda jani jingine. Nikahesabu mayai saba ndipo nikanyanyuka.

Sikwenda kwa Bibi kwanza, Mungu anisamehe. Nilikwenda kwa Mama Veronika. Nilimkuta ananoa jembe, nikamwambia, "Mama, ametaga kwenye mkundekunde, nimemwona."

Akanitazama. Hakuamini wala hakukataa.

Nikasema, "Twende ukaone mwenyewe."

Akaliweka jembe chini, tukaenda. Nilimwonyesha jani, akainama mpaka pua ikagusa. Alitazama yai la kwanza, la pili, akageuza matawi na kuyatafuta yale mengine bila kunisubiri. Alipomaliza akajifuta magoti, akasema, "Haya. Mwambie bibi yako mimi leo naanza kupanda. Na wewe mwakani njoo unichukue tena, tuje wote." Na tulikuja wote, mwaka uliofuata na mingine baada yake, mpaka nilipoolewa kijiji cha Mtua. Hakuwahi tena kupanda kwa kuambiwa, na mimi sikumlaumu hata mara moja.

Basi mwanangu, nasaha zangu hizi hapa, nazisema kwa maneno manyoofu ili usije ukasema Bibi alizungumza kwa mafumbo.

Ukitumwa kuangalia kitu, nenda mpaka kilipo. Ukifika, inama. Usiniambie rangi na kukimbia. Sema kimekaa wapi na kinafanya nini. Kama hukufika, sema sikufika. Kama hukuona, sema sikuona, halafu ukae kimya na uvumilie aibu yake, ni aibu ndogo na inapita mchana mmoja. Usichukue neno la kweli ukaliweka mahali pasipo pake na kujiambia hukusema uongo. Nimekuwa huko, najua jinsi linavyoonekana safi. Na ukishamharibia mtu, usitegemee kwamba akikusamehe atakuamini pia. Hayo ni mambo mawili, na la pili utalitafuta kwa miguu yako, mwaka kwa mwaka, bila kunung'unika kwamba anachelewa kukupa.

Na huyo ndugu yako mwenye ndevu nimemrudisha akaangalie upya. Mpaka sasa hajarudi, nami nimefurahi kwamba anachelewa.

Mwenyezi Mungu akujalie mvua inayokaa, na nyumba ambayo mgeni akiingia anakuta cha kula. Akulinde na njaa ya kusababishiwa na mwenzako, akulinde zaidi na kuwa wewe uliyeisababisha. Akupe watoto wa kukuambia "sikufika" bila kukuogopa. Amina. Haya, ondoka sasa, mbaazi zinaningoja.